CD8 inaitambuaje seli yenye riketsia wa tifasi, na kwa nini antijeni iliyouawa haiiamshi?

Mchunguzi_Seli

Wakuu, habari za kazi. Naomba mchango wa wenye uzoefu na kinga dhidi ya riketsia (bakteria wanaoishi ndani ya seli). Nazungumzia tifasi: ile ya chawa (Rickettsia prowazekii) na ile ya viroboto wa panya (Rickettsia typhi). Sizungumzii homa ya matumbo, ambayo ni ya Salmonela na ni habari nyingine kabisa.

Swali liko hivi. Ukichukua seli za damu za mtu aliyewahi kuugua tifasi, ukazipa bakteria waliouawa kwa mionzi ya gama, seli T za CD4 huongezeka na kutoa interferoni gama vizuri tu. Seli T za CD8, zile zinazoua seli iliyoambukizwa, hukaa kimya, au huitikia kwa mbali sana. Lakini seli zilizoambukizwa na bakteria hai huuawa, na CD8 zimo miongoni mwa wauaji. Vitabu vingi vya kufundishia vinasema bakteria ni kazi ya CD4 na kingamwili, virusi ndiyo kazi ya CD8. Sasa CD8 inaona nini hasa kwenye seli yenye riketsia? Na ukitaka kuthibitisha kwamba mauaji yale ni ya seli T inayotambua antijeni (kipande cha protini ya bakteria), si seli nyingine inayoua ovyo, jaribio unalipangaje?

---

Kinga_na_Maabara

Ndugu, yote yanategemea bakteria anaishi sehemu gani ya seli. Ile kanuni ya vitabu inafaa kwa bakteria anayebaki nje ya seli au anayekaa ndani ya kifuko. Riketsia hakai kwenye kifuko. Anajishikiza kwenye seli ya ukuta wa ndani wa mshipa wa damu, kwa msaada wa protini za juu kama OmpB, anamezwa, halafu ndani ya dakika chache anapasua utando wa fagosomu (kifuko alichomezewa) kwa vimeng'enya vya aina ya fosfolipasi na kutoka. Kuanzia hapo anaogelea kwenye saitosoli (majimaji ya ndani ya seli), palepale virusi vinapofanyia kazi zao.

Akiwa kule, protini anazotoa na mabaki ya wenzake wanaokufa huangukia mikononi mwa proteasomu, inayozikata kama inavyokata protini za seli yenyewe. Vipande hupitishwa na pampu ya TAP hadi kwenye retikulamu ya endoplazimu. Vile vyenye asidi amino 8 hadi 10 hivi hupachikwa kwenye HLA (molekuli zinazobeba vipande vya protini juu ya seli) za daraja la kwanza, yaani HLA-A, B au C, pamoja na mikroglobulini beta-2, kisha vinapandishwa hadi juu ya seli. Kinachoonwa na CD8 ni hicho: kipande cha peptidi kikiwa ndani ya HLA ya mwenye seli. Bakteria mwenyewe haonwi kamwe. Kipokezi cha seli T kikishika, seli T inamwaga peforini na granzaimu, seli iliyoambukizwa inajiua kwa utaratibu, na interferoni gama pamoja na TNF vinawafikia majirani.

Bakteria aliyekufa hana uwezo wa kupasua fagosomu. Anamezwa na makrofaji, anabaki kwenye kifuko, anakatwakatwa na vimeng'enya vya mle mle, na vipande vyake virefu zaidi vinapachikwa kwenye HLA za daraja la pili, yaani HLA-DR, DP au DQ. Hizo ni za CD4. Ndiyo maana matokeo yako yanaonekana hivyo. Huo mwitikio mdogo wa CD8 nao una sababu: seli za dendriti zinaweza kuhamisha kiasi cha antijeni kutoka kwenye fagosomu kwenda njia ya HLA daraja la kwanza, ila ni kiasi kidogo.

Kwamba njia hii ina uzito katika ugonjwa wenyewe kumeonyeshwa vizuri kwa panya wa maabara walioambukizwa Rickettsia australis. Panya wasio na molekuli za daraja la kwanza waliathirika vibaya kuliko wale waliokosa peforini peke yake au interferoni gama peke yake. Inaeleweka, kwa sababu ukiondoa daraja la kwanza umeinyang'anya CD8 silaha zake zote kwa mpigo. Usiidharau CD4 hata hivyo. Kwa R. typhi imeonyeshwa kwa panya kwamba CD4 zinaweza kulinda sawasawa na CD8, kwa kuwapa makrofaji nguvu ya kuua walichokimeza.

Kuna jambo moja kuhusu R. prowazekii ambalo watu hulipita haraka mno. Riketsia wa homa za madoa hujijengea mkia wa aktini na kurukia seli ya jirani mapema. R. typhi ana mkia mfupi usio na mwelekeo thabiti. R. prowazekii hana mkia kabisa: anazaana palepale, kizazi kimoja kwa takriban saa 10, hadi seli ijae mamia ya bakteria na kupasuka. Kwa muda wote huo seli kwa nje inaonekana nzima. Kwa hiyo CD8 ina siku kadhaa za kuikuta seli iliyoambukizwa kabla haijamwaga mzigo wake, na faida inapatikana tu ikiikuta mapema, bakteria wakiwa bado wachache.

---

Seli_Lengwa

Naongezea upande wa jaribio, maana hapo ndipo wengi wanapopotezwa na namba zinazopendeza.

Tangu miaka ya 1980 ilishaonyeshwa kwamba limfositi za binadamu zinaweza kuua seli zilizoambukizwa riketsia wa kundi la tifasi, na kwamba wauaji ni wa aina zaidi ya moja: zipo seli T mahsusi, na zipo zilizoamshwa tu na saitokini (vijumbe vya kinga) kama IL-2 na kuua bila kuangalia peptidi. Ukiona mauaji bila kuzitenganisha hizo mbili, hujajibu swali lako.

Jaribio la kutoa kromiamu, ambapo seli inayokufa humwaga kromiamu iliyowekewa, bado ni kipimo kizuri. Seli lengwa (zile zinazopimwa kama zinauawa) milioni 1 zinawekewa mikrokyuri 100 za kromiamu-51 kwa saa 1 katika nyuzi 37, zinaoshwa mara 3, halafu 5,000 hadi 10,000 kwa kila kishimo cha sahani ya vishimo 96 yenye kitako cha mviringo. Weka wauaji kwa uwiano wa 30, 10, 3 na 1 kwa seli lengwa moja, kila uwiano vishimo 3. Zungusha kwa upole kwenye mashine ili seli zigusane, zikae saa 4, chukua mikrolita 100 za juu, pima. Asilimia ya mauaji ni kilichotoka ukitoa kilichovuja chenyewe, gawa kwa kiwango cha juu (seli zote zikipasuliwa) ukitoa kilichovuja chenyewe, mara 100.

Tatizo la kwanza liko hapo kwenye "kilichovuja chenyewe". Seli yenye riketsia huvuja zaidi ya seli safi. Ukitumia uvujaji wa seli safi kukokotoa seli zilizoambukizwa, utapata mauaji ambayo hayapo. Kila aina ya seli lengwa iwe na vishimo vyake vya uvujaji na vya kiwango cha juu. Uvujaji ukipita takriban asilimia 25 ya kiwango cha juu, litupe jaribio hilo, na mara nyingine tumia seli siku 1 au 2 tu baada ya kuambukiza. Paka baadhi kwenye kioo na kuzitia rangi ya Gimenez kabla ya kuanza: riketsia wanaonekana vijiti vidogo vyekundu juu ya seli ya kijani. Hesabu seli 100. Kama zenye bakteria ni 20 tu, usishangae mauaji kugota chini hata wauaji wako wakiwa wazuri.

Tatizo la pili ni uchaguzi wa seli lengwa. Wengi hukimbilia seli B za mtoaji zilizogeuzwa na virusi vya Epstein-Barr kwa kuwa zinakua bila shida. Lakini karibu kila mtu mzima ana virusi hivyo, na ana CD8 za kuvitambua. Seli hizo zitauawa hata bila riketsia. Ukizitumia ni lazima uwe na seli zilezile zisizoambukizwa, na utofauti kati ya hizo mbili ndiyo matokeo yako. Mimi napendelea fibroblasti za ngozi za mtoaji mwenyewe: zina HLA daraja la kwanza, na daraja la pili hazinalo mpaka zichokozwe na interferoni gama.

Na hapo pana mtego mwingine. Ukiziloweka fibroblasti kwenye interferoni gama ili uone CD4 nazo, interferoni hiyo inazuia ukuaji wa R. prowazekii. Tena kuna aina za seli ambazo zikipewa interferoni gama kisha zikaambukizwa na bakteria huyu, zinakufa zenyewe bila muuaji yeyote. Mtu asiyejua ataandika ripoti nzima kuhusu seli T ambazo hazikufanya kitu.

---

Mchunguzi_Seli

Asanteni sana, mmenifungua macho. Mawili bado. Kama seli zilizoambukizwa za mtu mwingine asiyelingana HLA na mtoaji zinauawa kwa kiwango kilekile, nihitimishe ni NK (seli wauaji wa asili, wasiofuata peptidi) na kuachana nazo? Na la pili: seli ya ukuta wa mshipa haina CD80 wala CD86, zinazotoa ishara ya pili ya kuamsha seli T. CD8 changa inaamshwa na nani mara ya kwanza?

---

Seli_Lengwa

La kwanza nijibu mimi. Usiachane nazo haraka. Panga seli lengwa nne kwenye sahani moja: za mtoaji zilizoambukizwa, za mtoaji zisizoambukizwa, za mtu asiyelingana zilizoambukizwa, na K562 (seli za saratani ya damu zinazokuzwa maabara). K562 hazina HLA daraja la kwanza, kwa hiyo NK inaziua kirahisi. Kama K562 zinakufa sana na zisizolingana nazo zinakufa, una NK au wauaji walioamshwa na IL-2. Mara nyingi chanzo ni IL-2 nyingi mno kwenye wiki za kukuzia. Ipunguze, toa seli za CD56 (alama ya NK) kabla ya jaribio, au tia K562 zisizo na kromiamu kwa wingi ili NK zishughulike nazo. Kinachobaki baada ya hapo kikiua seli za mtoaji zilizoambukizwa tu, hizo ni seli T zenye kufuata HLA.

Kisha zuia. Kingamwili W6/32 inafunika HLA-A, B na C zote, L243 inafunika HLA-DR. Mikrogramu 10 kwa mililita hutosha kuanzia. Mauaji yakishuka kwa W6/32 na yasishuke kwa L243, CD8 imejitambulisha. Ila angalia: W6/32 nzima ikikaa juu ya seli lengwa, mkia wake unaweza kuishika CD16 ya NK na kuongeza mauaji badala ya kuyapunguza. Tena, ukizifunika HLA unaiondolea NK breki yake. Tumia vipande vya kingamwili visivyo na mkia, na uhakikishe NK zimeondolewa kwanza.

Kwa asiye na ruhusa ya kromiamu, CD107a (alama inayojitokeza juu ya seli inapomwaga mzigo wake wa kuulia) kwa saitometria inafaa. Kingamwili ya CD107a inatiwa tangu mwanzo wa saa 5 au 6, si mwishoni, kwa sababu CD107a hujitokeza juu ya seli kwa muda mfupi kisha inarudi ndani. Tia monensini, weka rangi ya kutambua seli zilizokufa, na uangalie CD3 na CD8 chanya, CD56 hasi. Faida yake kubwa ni kwamba unaiona seli inayofyatua ni ipi, hukisii.

---

Kinga_na_Maabara

La pili: CD8 changa haiamshwi na ukuta wa mshipa. Inaamshwa kwenye tezi za limfu na wengu na seli za dendriti, zenye CD80 na CD86. Dendriti zinapata antijeni kwa njia mbili, ama zenyewe zimeambukizwa na riketsia, ama zimemeza mabaki ya seli iliyokufa. Ikishaamshwa, CD8 haihitaji tena ishara ya pili ili kuua. Ndiyo maana seli ya mshipa, ambayo haiwezi kumfundisha mtu, inaweza kuuawa na aliyefundishwa kwingine. Maandalizi hayo huchukua siku kadhaa. Katika kipindi hicho NK zinashikilia ngome, na kwa panya imeonyeshwa zinasaidia hasa kwa interferoni gama.

---

Homa_na_Viroboto

Nachangia upande wa watoaji damu, kwa kuwa ukanda wetu una mambo yake.

Tifasi ya chawa si historia ya Ulaya peke yake. Burundi ilikuwa na mlipuko mkubwa miaka ya 1990, ulioanzia kwenye gereza la Ngozi mwaka 1995 na kusambaa kwenye kambi za wakimbizi wa ndani. Doksisaiklini miligramu 200 kwa dozi moja ndiyo iliyotumika. Kwa maana hiyo kuna watu wazima katika nchi za Maziwa Makuu ambao seli zao za kumbukumbu zilipata mafunzo kwa R. prowazekii halisi.

Lakini ukitafuta mtoaji ambaye "hajawahi kukutana na riketsia" ili awe wa kulinganisha, kuwa mwangalifu sana. Rickettsia africae anaenezwa na kupe kwenye maeneo ya mifugo na wanyamapori, na watu wengi wa vijijini wanaumwa kwa siku chache na hawapimwi. Kwa panya imeonyeshwa kwamba seli T zilizoamshwa na kundi la homa za madoa zinaweza kulinda dhidi ya kundi la tifasi, na kinyume chake. Mfugaji asiye na historia ya tifasi anaweza kuwa na CD8 zinazojibu OmpB, kwa sababu sehemu za protini hiyo zinafanana katika makundi yote mawili. Hilo si kosa la jaribio, ni kinga halisi, ila mtoaji huyo hafai kuwa kontroli hasi.

Usitegemee Weil-Felix kumchagua mtoaji. Kipimo hicho cha mwaka 1916 kinaangalia kingamwili zinazoshika Proteus OX19 kwa bahati ya sukari za juu kufanana. Kinakosa wagonjwa na kinawashika wasio wagonjwa. Hata kipimo cha kingamwili cha mng'ao, ambacho ni bora zaidi, hakikuambii lolote kuhusu CD8: kingamwili hushika umbo la nje la bakteria, CD8 husoma kipande cha asidi amino 9 kilichotoka popote ndani ya protini.

Na HLA. Programu za kutabiri peptidi watu huzianzishia aina ya HLA iitwayo A*02:01 kwa mazoea, kwa sababu ndiyo iliyochunguzwa zaidi Ulaya na Marekani. Kwa watoaji wa Afrika Mashariki utakutana sana na A*30:01, A*30:02, A*68:02, A*23:01, B*42:01, B*53:01, B*58:02. Peptidi nzuri ya A*02:01 haitakaa kwenye B*53:01, maana mifuko ya kushikia asidi amino ni tofauti. Ukipima peptidi hizo kwa mtoaji asiye na A*02:01 utaandika "hakuna mwitikio wa CD8" na utakuwa umekosea kabisa. Pima HLA ya mtoaji kwanza, peptidi baadaye.

---

Protini_za_Juu

Mmeeleza seli inavyosomwa kwa nje. Kuna utambuzi wa ndani pia, unaotangulia CD8. Seli iliyoambukizwa huhisi vipande vya ukuta wa bakteria, lipopolisakaraidi na DNA vikiwa mahali pasipostahili, kisha inatoa interferoni na kuamsha inflamasomu. Bakteria aliye uchi kwenye saitosoli anaweza pia kubandikwa yubikwitini (lebo ya kitu cha kusagwa) na kupelekwa kwenye otofaji asagwe.

Riketsia ana ngao dhidi ya hilo. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwa Rickettsia parkeri kwamba vimeng'enya vyake hutia vikundi vya methili kwenye laisini za OmpB. Laisini ndipo yubikwitini inaposhika. Ukiwaondolea uwezo huo, bakteria wanabandikwa na kusagwa ndani ya makrofaji.

Hapo naona uhusiano na aina ya Madrid E ya R. prowazekii, ile iliyolegea na ikatumika kama chanjo hai. Udhaifu wake umehusishwa na mabadiliko ya herufi moja kwenye jeni ya kimeng'enya cha kutia methili, na bakteria akirudisha herufi hiyo anakuwa mkali tena. Kwa binadamu mnyororo wote haujafungwa kwa R. prowazekii kama ulivyofungwa kwa R. parkeri, lakini kwa maoni yangu ndiyo maelezo yenye mashiko zaidi tuliyonayo. Tena yanagusa swali lako moja kwa moja, kwani bakteria anayesagwa zaidi ndani ya seli ni bakteria anayetoa antijeni nyingi zaidi. Chanjo hai iliyolegea inaingia saitosoli na kuamsha CD8. Zile za bakteria waliouawa, kama ya Weigl kutoka utumbo wa chawa na ya Cox kutoka mfuko wa kiini cha yai, ziliegemea zaidi kingamwili na CD4. Chanjo hizo zilipunguza vifo na makali ya ugonjwa, na hilo si dogo, ila hazikuzuia maambukizi kikamilifu.

---

Mchunguzi_Seli

Nashukuru sana wakuu. La mwisho: kwa asiye na maabara ya usalama wa ngazi ya 3, kuna njia ya kupima CD8 bila bakteria hai?

---

Seli_Lengwa

Ipo, na ni bora kuliko kulazimisha. R. prowazekii na R. typhi wanaambukiza kwa hewa yenye matone madogo kutoka kwenye sampuli. Ricketts alikufa kwa tifasi mwaka 1910 na von Prowazek mwaka 1915, wote wakiichunguza. Bila ngazi ya 3 usiwaguse wakiwa hai.

Ingiza jeni ya OmpB, au kipande chake kama jeni nzima ni ndefu mno, ndani ya fibroblasti za mtoaji kwa mRNA au plasmidi, bila ishara ya kuitoa protini nje ya seli. Protini ikitengenezwa kwenye saitosoli itapita proteasomu na TAP kama ile ya bakteria. Kontroli iwe seli zilezile zenye jeni nyingine isiyohusika. Jeni za riketsia zina A na T nyingi kupita kiasi, kwa hiyo agiza iliyoandikwa upya kwa kodoni za binadamu, la sivyo hutapata protini ya kutosha.

Kama hilo nalo ni gumu, anza na peptidi za asidi amino 15 zinazopishana kwa 11, makundi ya 10 hadi 20, mikrogramu 2 za kila peptidi kwa mililita, kwenye ELISpoti ya interferoni gama (kila doa ni seli iliyotoa interferoni): seli 200,000 kwa kishimo, saa 18 hadi 24, vishimo 3, na vingine vyenye dimethili salfoksaidi ya kiwango kilekile bila peptidi. Kundi likiitika, lifungue peptidi mojamoja, kisha rudia baada ya kutoa CD8 kwa shanga za sumaku. Madoa yakitoweka, ni ya CD8. Yakibaki, ulikuwa unaziona CD4, kwa sababu peptidi ndefu kama hizo zinaingia vizuri tu kwenye HLA-DR. Hatua hii ya kutoa CD8 ndiyo inayorukwa mara nyingi. Hakikisha pia seli zilizogandishwa zimepumzika usiku mmoja baada ya kuyeyushwa, na kwamba angalau asilimia 80 ziko hai. Chini ya hapo, sahani isiyo na madoa haithibitishi chochote.